Mnara Uliohama Usiku

"Mbona mnara umehama?"

Nahodha aliyasema maneno hayo chini kwa chini, mkono mmoja juu ya usukani, macho ameyakazia ile taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka na kuzima juu ya mji. Tulikuwa watu wanne chomboni, tunarudi baada ya siku tatu za bahari. Upepo ulikuwa umekufa tangu magharibi, kwa hiyo tulikuwa tunasukumwa na mashine, na mji ulikuwa mbele yetu kama kilomita mbili hivi. Mimi nilikuwa omo, mbele ya chombo, nimejikunyata, nawaza kuoga na kulala.

Nikainua kichwa kutazama. Taa ya gati ilikuwa palepale. Juu yake, kama siku zote, taa nyekundu ya mnara wa simu. Zimepangana, moja chini ya nyingine, kama nahodha anavyozipanga kila usiku anapoutafuta mlango wa mwamba, ule upenyo wa kupitisha chombo. Sikuona kilichobadilika.

Akazima mashine.

Kimya kilipotua ndipo tukausikia mwamba. Maji yalikuwa yakivunjika mbele yetu, mahali ambapo usiku mwingine wowote huwa hakuna sauti.

"Tia nanga," akasema. Tukatia nanga, tukakaa hapo mpaka alfajiri bila mtu kuzungumza la maana.

Hakuna aliyeumia, wala chombo hakikupata hata mkwaruzo. Ningeweza kuliacha jambo hili lipite. Lakini hii ni wiki ya sita, na maneno yale bado yananigonga kichwani. Mnara hauhami. Sasa kwa nini nahodha mwenye miaka yote ile majini alisema umehama, na kwa nini alikuwa sahihi?

## Kulipopambazuka

Minara ilikuwa miwili.

Ule wa zamani, wenye mikanda yake myekundu na myeupe iliyopauka kwa jua na chumvi, ulikuwa umesimama pale pake kwenye mwinuko nyuma ya mji, kilomita moja na nusu kutoka gatini. Taa yake ilikuwa imekufa. Kusini yake, mita kama 300, palikuwa na mnara mpya ambao wote tulikuwa tumeuona ukijengwa miezi kadhaa bila kuutia maanani. Tulipoondoka haukuwa na taa. Tuliporudi ulikuwa nayo.

Tulipofika nchi kavu nahodha alichukua kijiti akatuchorea mchangani. Nukta ya mnara, nukta ya gati, halafu mstari mrefu unaotoka baharini. Akaisogeza nukta ya mnara kusini kidogo tu, kama upana wa kiganja, na ule mstari ukageukia kaskazini huko baharini. Ni kama kasia: ukiuvuta mpini huku, bapa linakwenda kule.

Hesabu niliifanya mwenyewe baadaye, nikiwa nimekaa peke yangu. Mita 300 kwa 1,500 ni moja kwa tano. Maana yake, kwa kila mita tano tulizokuwa mbali na gati, tulikuwa tumekosea mita moja. Tulipozima mashine tulikuwa kilomita mbili nje. Tulikuwa mita 400 kaskazini ya mlango, tunakwenda moja kwa moja juu ya mwamba, na alama zetu mbili zimenyooka vizuri kabisa.

Hilo ndilo lililonitisha, na bado linanitisha. Kila kitu kilikuwa sawa machoni.

Nilimuuliza alijuaje. Akaniambia taa zilichelewa kukutana. Alikuwa anazidi kwenda kaskazini, anangoja nyekundu ikae juu ya ile ya gati, na haikai. Ilipokaa, moyo wake ulikuwa umeshakataa.

## Kwa nini mnara ule

Kabla sijaendelea niseme jinsi mnara unavyofaa kuwa alama, maana mtu wa nchi kavu huuona kama chuma tu kilichosimama.

Dunia imejipinda, na baharini mkunjo huo si habari ya vitabuni. Jicho lililo mita mbili juu ya maji linaona upeo wa bahari ukiwa umbali wa kilomita tano tu. Kitu kirefu huonekana mbali zaidi kwa sababu kilele chake kinachungulia juu ya mkunjo ule. Mti wa mita 20 utaanza kuuona ukiwa kilomita 21 hivi. Mnara wa mita 60 utauona ukiwa kilomita 32, hewa ikiwa safi na macho yakiwa mazima. Kilomita 11 za ziada si haba. Kwa chombo kinachokwenda polepole dhidi ya mkondo, ni saa nyingi za kujua kwamba nyumbani kuko upande fulani.

Halafu kuna ile mikanda. Nahodha huihesabu. Mnara wetu una mikanda saba, unaanza na mwekundu chini na kumalizika na mwekundu juu. Akiwa mbali sana huona kidole cheusi tu kisicho na rangi. Akisogea rangi huanza kuachana, na juu ya vichwa vya miti hupata mitano, pengine sita. Akiendelea kuja, jambo la ajabu hutokea: badala ya kuongezeka, mikanda hupungua. Miti ya ufukweni iko karibu naye kuliko mnara, na kadiri anavyoikaribia ndivyo inavyoumeza mnara ulio nyuma yake. Ikibaki minne, anajua sasa ni wakati wa kupunguza mwendo na kuutafuta mlango.

Nilisafiri naye mara nyingi kabla ya kugundua kwamba alikuwa akihesabu. Midomo yake hutikisika kidogo. Nilidhani anasoma dua.

## "Taa ile si yenu"

Nilipanda mpaka kwenye mwinuko nikiwa na hasira. Langoni nilimkuta fundi, kijana mpole, mikono ina mafuta ya jenereta. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanionea huruma kweli, halafu akasema:

"Pole sana, kaka. Lakini taa ile si yenu. Ni ya rubani."

Akanieleza. Mnara ukizidi mita 45, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka uwe na taa yenye nguvu ya wastani, na ikiwa ni nyekundu ya kupepesa, ipepese kati ya mara 20 na 60 kwa dakika. Hata rangi zimo katika kanuni hizohizo: mikanda ya rangi mbili zinazopishana, kila mmoja upana wa sehemu moja ya saba ya urefu wa mnara, na ile ya miishoni iwe ya rangi iliyokolea. Ndiyo maana wetu unaanza na kumalizika na nyekundu. Nahodha alikuwa amejua kanuni ya marubani kwa kuitazama tu kutoka majini, miaka na miaka, bila kujua kwamba ni kanuni.

Kwa nini taa ilikufa? Antena zilikuwa zimehamishiwa mnara mpya. Wa zamani ukabaki mtupu, na umeme wake ukakatwa. Fundi alikiri kwamba mnara ukiwa bado umesimama taa inatakiwa iwake hata kama hauna kazi nyingine, na kwamba hapo palitokea uzembe. Wakati wowote, akasema, watakuja kuushusha.

Niliteremka ile njia ya mawe nikiitafuta hasira yangu, nikaona ina tundu.

Uzembe ulikuwepo, ndiyo. Lakini ulikuwa uzembe dhidi ya ndege. Sisi hatukuwa katika hesabu ya mtu yeyote. Hakuna aliyetuahidi taa ile. Hakuna aliyetuambia tupange maisha yetu juu yake. Tuliichukua kama mtu anayejikinga jua chini ya ukuta wa jirani, kisha siku jirani amebomoa ukuta wake tukataka kumshtaki kwa kutunyang'anya kivuli.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Lilikuwa la haki, na halikunipa raha hata kidogo.

## Neno lenyewe

Usiku mmoja nilianza kulifikiria neno. Mnara.

Sisi tunalitumia kwa kila kitu kirefu kilichosimama peke yake. Mnara wa msikiti, mnara wa taa, mnara wa saa, mnara wa kumbukumbu, mnara wa simu. Ng'ambo ya hori la Kilifi kuna magofu yenye kaburi la mnara mrefu, na pale panaitwa Mnarani. Watu waliolijenga kaburi lile hawakuwa na nia ya kutoa jina la mahali. Jina lilitolewa na wapitao, kwa sababu ndicho kitu kilichokamata jicho.

Neno tumelipata kwa Waarabu, na kwao shina lake ni la moto na nuru: manara ni mahali pa mwanga. Ndilo neno walilouitia ule mnara wa Aleksandria, uliojengwa karne ya tatu kabla ya Kristo kwenye kisiwa cha Pharos, na ambao matetemeko ya ardhi yaliumaliza kufikia karne ya 14. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alijenga ngome pale ulipokuwa umesimama. Jiwe juu ya jiwe hakuna tena, lakini Wafaransa mpaka leo huuita mnara wa taa *phare*, na Wahispania *faro*, jina la kisiwa limegeuka kuwa jina la kitu.

Kwa hiyo nahodha anapousema mnara wa simu, bila kujua, ameshasema taa. Sidhani kwamba jambo hili linathibitisha haki yoyote. Lakini lilinifanya niache kutuona sisi kama wezi wa kivuli.

## Ilianza kwa kuitazama bahari

Kuna jambo jingine ambalo nililifahamu muda mrefu bila kulitafakari. Minara ya redio, ilipoanza, ilikuwa ya bahari.

Marconi, Mwitalia aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio, alipotaka kuvusha mawimbi yake juu ya Atlantiki alikwenda kujenga Poldhu, kwenye majabali ya Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Alisimamisha milingoti 20 kwa duara, kila mmoja unakaribia mita 61. Septemba 1901 dhoruba ikaiangusha yote. Akajenga upya kwa haraka kitu kidogo zaidi, na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, akiwa Newfoundland, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, na waya ulioinuliwa kwa tiara, akasema amesikia nukta tatu, ambazo katika alama za Morse ni herufi S. Wapo wanaotilia shaka kama kweli alisikia. Lisilo na shaka ni kwamba wateja wa mwanzo wa teknolojia ile walikuwa meli. Simu za waya zisingeweza kuwafuata mabaharia, redio ingeweza. Vituo vya pwani viliendelea kusikiliza nukta na vistari vya meli zilizo taabuni mpaka mfumo mpya wa dunia nzima ulipochukua nafasi kikamilifu mwaka 1999.

Sasa tazama mnara wa leo katika mji wa pwani. Antena zake ni vile visanduku virefu vyembamba vilivyofungwa karibu na kilele. Kwa kawaida hupangwa pande tatu, kila upande unafunika theluthi ya duara, na huinamishwa kidogo kuelekea chini. Fundi alinionyesha. Pande mbili zilielekea mjini na barabara kuu. Ule wa tatu uligusa bahari kwa pembeni tu.

"Baharini kuna watu wangapi?" akaniuliza. Hakuwa na ubaya. Lilikuwa swali la kazi yake.

Na hata mawimbi yakifika yana mpaka wake. Katika mfumo wa simu wa kizazi cha pili, simu na mnara huhesabiana muda wa kwenda na kurudi kwa mawimbi, na hesabu hiyo kwa kawaida inaishia kilomita 35. Zaidi ya hapo mazungumzo hayakubaliki, hata kama mawimbi yanasikika. Nimewahi kuwa mahali pale pa mpaka. Unauona mnara kwa macho yako, kwa kuwa uko mwinukoni, mwembamba kama uzi, na simu mkononi inakwambia hakuna mtandao.

Kwa hiyo mnara umeipa bahari kisogo. Mwanga tu ndio uliobaki ukienda pande zote, bila kuuliza kuna watu wangapi, kwa sababu rubani anaweza kutokea upande wowote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini iliniuma.

## "Simu zote zina GPS"

Nimeambiwa hivi na kila niliyemsimulia. Ni kweli, na sitaki kubisha na ukweli. Ile simu iliyokuwa mfukoni mwangu usiku ule ilikuwa inapokea satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu ya vichwa vyetu, na haihitaji mnara wowote kufanya hivyo. Ingeweza kuniambia tulipo kwa kukosea mita chache.

Niliifungua, tulipokwisha kutia nanga. Ilionyesha nukta ya buluu katikati ya buluu. Ramani ya simu ilikuwa ya barabara. Mwamba haukuwemo, mlango haukuwemo, bahari yote ilikuwa rangi moja. Nukta yetu ilikuwa sahihi kabisa na haikutusaidia chochote. Tena ule mwanga wa kioo uliniondolea uwezo wa kuona gizani kwa dakika kadhaa, nikawa siwezi hata kuyaona maji.

Chombo chenye ramani nzuri ya bahari na mtu anayejua kuisoma kiko salama kuliko sisi. Nimeshamwambia nahodha hivyo, naye amekubali, na kijana wake ameanza kujifunza. Lakini hata mabaharia wa meli kubwa hufundishwa kuinua macho na kuilinganisha ramani na kitu kinachoonekana. Na kitu hicho, mara nyingi, ni mnara.

Hili nililijua kwa rafiki yangu anayefanya kazi melini. Alinifungulia ramani ya bahari ya eneo letu. Katikati ya namba za vina, juu ya mwinuko nyuma ya mji, palikuwa na alama ndogo ya mlingoti, na kimo chake kwa mita.

Mnara wetu ulikuwemo.

Nilikitazama kialama kile nisiweze kusema. Kumbe wapo watu, wenye ofisi na vyombo vya kupimia, waliofanya kilekile alichofanya nahodha: wametazama pwani kutoka majini, wakaona kile kinachokamata jicho, wakakiandika bila kujali kilijengwa kwa kazi gani. Rafiki yangu akaniambia alama ya aina hiyo ikiondoka, hutangazwa. Ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza, kwa mfano, hutoa matangazo kwa mabaharia kila wiki, na mabaharia hukaa na kalamu kusahihisha ramani zao, hapa ondoa mnara, hapa ongeza taa.

Basi kuitegemea alama ya mtu mwingine si ujinga wala si wizi. Ni kazi ya ubaharia yenyewe. Tofauti ni kwamba meli yenye makontena hupata tangazo, na mashua ya watu wanne haipati.

Nilirudi kwa yule fundi. Sikwenda kudai chochote. Nilimwomba kitu kimoja: siku ya kuushusha ikijulikana anipigie, niwaambie watu wa gatini. Aliandika namba yangu kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, kisha akaiingiza kwenye simu mbele yangu nione.

## Mstari mpya

Tulitoka mchana, maji yamekupwa sana, mwamba uko nje mweusi na wazi. Nahodha alitaka kuutafuta mstari mpya akiwa anaona. Tuliingia mlangoni tukaegesha katikati, kijana akatupa bildi kila baada ya muda kupima kina, naye nahodha akasimama tezi, nyuma ya chombo, akiutazama mji.

Mnara mpya peke yake haukutosha. Alama ya nyuma bila ya mbele ni nusu ya sentensi. Alijaribu kona ya ghala, ikawa pana mno. Akajaribu mti mmoja uliojitenga, akaukataa kwa kuwa mti hukatwa. Mwisho akapata nguzo ya taa ya barabarani, ya pili kutoka gatini upande wa kusini. Kutoka katikati ya mlango, mnara mpya ulikaa juu yake sawasawa.

"Hiyo nguzo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, na akaendelea kuitazama.

Simu ya fundi ilikuja wiki iliyopita, jioni. Nikapita gatini, nikamwambia kila niliyemkuta, na wao wakaambiana.

Siku yenyewe tulikuwa majini, tunarudi na demani nzuri. Mnara wa zamani ulikuwa unashushwa kutoka juu, kipande kwa kipande, na kwa mbali watu waliokuwa juu yake walionekana kama chawa kwenye unywele. Mkanda wa juu, ule mwekundu, ulikuwa umeshaondoka tulipoanza kuuona. Nahodha alipunguza mashine. Midomo yake ilitikisika.

Mweupe ukashuka. Tukangoja, ukashuka mwekundu mwingine, nao ulichukua muda mrefu, kamba zikining'inia. Ikabaki mikanda miwili juu ya miti, mweupe na mwekundu.

Akageuza uso kusini, akaitafuta nguzo ya pili.